Mbegu Iingie Ndani ya Siku za Mvua Yetu

Hotuba ya afisa ugani kwa wakulima wa mtama, uwele, karanga na alizeti, Wilaya ya Chamwino, Dodoma, kabla ya msimu wa kupanda

Mheshimiwa Diwani wetu, ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa dini, wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu: mbukwenyi!

Nimefurahi mmekuja wengi. Najua wengine mmetokea moja kwa moja kwenye kuberega, kule kukwangua shamba kabla ya kupanda, majembe yameegemea ukuta hapo nje, na jua la mwezi huu halina huruma. Nitasema niliyonayo, kisha tukae kwenye maswali hadi yaishe.

Nimeitwa kuzungumzia mbegu bora. Mmeshazisikia redioni, mmezisikia Nane Nane pale Nzuguni, mmezisikia kwa kila mgeni aliyepita kata hii na gari lenye nembo mlangoni. Mimi leo naomba tuziangalie kwa hesabu ya mvua, kwa sababu huku kwetu hesabu zote za shamba huanzia hapo.

Dodoma tuna msimu mmoja tu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, ikakatika Aprili. Kwa mwaka mzima tunapata wastani wa milimita 500 hadi 600. Bukoba wanapata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Na hicho kidogo chetu hakiji kwa mpangilio. Mara nyingi Februari, mtama ukiwa umefika magotini, mvua inasimama wiki mbili, wakati mwingine tatu. Majani yanaanza kujikunja saa nne asubuhi. Kila mkulima aliyekaa hapa anaijua hali hiyo, na anajua roho inavyouma ukipita shambani kwako mwenyewe ukashindwa kulitazama.

Sasa tuchukue kalenda. Umepanda Desemba 20, baada ya mvua ya kwanza ya kueleweka. Mbegu ya siku 110 itakuwa imekomaa Aprili 9. Mtama wetu wa asili, ule mrefu unaokaa shambani miezi mitano, utakomaa katikati ya Mei. Mvua ya Dodoma haitusubiri mpaka Mei. Kwa hiyo mtama ule unatoa suke na kujaza punje wakati udongo umeshaanza kukauka, na hapo ndipo tunapovuna masuke marefu yenye punje nyembamba, ambazo ukizipepeta nusu inaondoka na makapi. Mwaka wa mvua nzuri mtama huo unatupa chakula cha kutosha, na mabua ya kujengea uzio na kulishia ng'ombe. Mwaka mbaya unatuachia mabua peke yake.

Hoja yangu yote ya leo ni hiyo, na mengine nitakayosema yanaitumikia. Mbegu ina siku zake, mvua ina siku zake. Tutafute mbegu ambayo siku zake zinaingia ndani ya mvua tuliyonayo, na ikibanwa na jua la Februari ivumilie, mvua ikirudi iendelee.

Wazee waliokaa mbele hapa walisimuliwa na baba zao habari za Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimechukua chakula, ng'ombe na vijana, kisha mvua ikakata. Nchi hii inajua maana ya kufika msimu wa kupanda nyumba ikiwa haina hata kikapu cha mbegu. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakali kuhusu mbegu. Masuke yalining'inizwa juu ya moto jikoni, moshi ukayafukiza, na mtoto hakuruhusiwa kuyagusa hata kama nyumba imeshinda na njaa. Ukali huo nauheshimu sana. Ninachoomba leo ni tuwe wakali vilevile, ila tuuongezee maarifa ambayo wao hawakuyapata.

Najua pia kwamba baadhi yenu mnanisikiliza kwa mashaka. Mna haki kabisa. Kongwa si mbali na hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta pale mradi mkubwa wa karanga, na matrekta, na wataalamu, na reli. Walikuwa wamekadiria mamilioni ya eka Tanganyika nzima. Hawakuujua udongo ule, ambao kiangazi unakuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya chuma, na hawakuijua mvua yetu. Hawakuwauliza Wagogo ambao walikuwa wakilima pale siku zote. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko zile zilizonunuliwa kwa mbegu. Kwa hiyo mzee akiniambia, "Mwanangu, wataalamu tumewaona," namwelewa. Jambo la kilimo lisilojaribiwa kwenye udongo wa mahali husika, kwa mvua ya mahali hapo, ni hatari kwa mkulima mdogo, ambaye akikosa mwaka mmoja anauza mbuzi, akikosa wa pili anauza ng'ombe.

Mbegu ninazozisemea zimepita njia nyingine. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, makao yake makuu yapo Makutupora, hapa hapa Dodoma. Kituo chao cha Hombolo, kule kwenye bwawa, kazi yake ni mtama na uwele, na mvua inayonyesha Hombolo ndiyo hii hii inayotunyeshea sisi. Kituo cha Ilonga, Kilosa, kinashughulika na mtama pia, na alizeti, na mikunde. Naliendele, Mtwara, wana karanga na ufuta. Mbegu mpya haitoki kituoni ikaja dukani. Inapandwa misimu kadhaa katika mahali mbalimbali, ikishindanishwa na zilizopo, na Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, inasimamia majaribio hayo kabla mbegu haijaidhinishwa.

Katika mtama, ipo Macia, iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999: mfupi, mweupe, unakomaa mapema. Ipo Pato ya 1995, na Tegemeo iliyotangulia. Zipo Wahi na Hakika za 2002, na hizi mbili naomba nizikalie kidogo, maana zinagusa shida ambayo kata hii inaijua kuliko nyingi.

Nani hapa shamba lake lina kiduha? Nyoosheni mikono tuonane. Haya, karibu wote.

Kile kimmea kidogo chenye ua jekundu, kinachotokea katikati ya mtama mwezi wa pili au wa tatu, wengi tunadhani kinaanza siku tunayokiona. Kikitokeza juu ya ardhi, wizi wake kimeshaufanya wiki nyingi. Kiko chini, kimeng'ang'ania mzizi wa mtama kama kupe kwenye kiwele, kinanyonya maji na chakula. Ndiyo maana mtama wako unanyauka hata siku udongo una unyevu, ukadhani umerogwa au udongo umechoka. Na kimmea kimoja kikiachwa kikakomaa kinamwaga maelfu kwa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri.

Zinasubiri nini? Wanasayansi walichunguza jambo hili miaka mingi. Mzizi wa mtama unapokua hutoa vitu fulani kwenye udongo, na mbegu ya kiduha ikivihisi vitu hivyo inajua kwamba chakula kipo karibu, inaamka. Pasipo mtama, inaendelea kulala. Mtafiti mmoja Mwethiopia, Profesa Gebisa Ejeta, mtoto wa kijijini aliyekulia kwenye nyumba ya nyasi, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, yeye na wenzake walizalisha mitama ambayo mizizi yake hutoa vitu hivyo kwa kiasi kidogo sana. Kiduha kinalala, mtama unapita. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi yake ya mtama. Katika mitama ya ukoo huo, miwili ilikuja Tanzania, ikajaribiwa, ikapewa majina ya Wahi na Hakika.

Kwa hiyo mwenye kiduha shambani asianze na mtama mwingine. Aanze na hiyo miwili, azungushe na kunde au karanga, na kiduha kitakachotokea akiong'oe kabla hakijatoa ua. Kukiong'oa peke yake huku mwaka unaofuata unapanda mbegu ile ile ya zamani ni kujichosha, na wanaochoka zaidi ni akina mama na watoto ndio wanaotumwa kuking'oa.

Upande wa uwele zipo Okoa na Shibe, zote za 1994. Karanga zipo Pendo ya 1998, na Mnanje na Mangaka za 2009. Mbaazi ipo Mali, inayovumilia ule mnyauko unaoua mbaazi ghafla ikiwa imeshaweka maua. Alizeti, ile Record mnayoijua siku nyingi bado ni mbegu nzuri ikiwa ni safi. Shida yake ni kwamba Record nyingi iliyopo mikononi mwetu imeshachanganyika hadi imepoteza sura. Zipo na chotara, yaani mbegu zilizozalishwa kwa kupandisha aina mbili, zenye mafuta mengi zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Swali ni hili: mbegu niliyonunua mwaka huu, mwakani naweza kuitoa ghalani kwangu nikapanda? Jibu linategemea zao.

Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe ndani ya suke lake. Ukinunua Macia leo, ukachagua vizuri, unaweza kupanda ya kwako misimu mitatu hivi kabla haijaanza kubadilika sana. Karanga ni hivyo hivyo. Uwele haufanyi hivyo. Chavua yake inabebwa na upepo, na uwele wa jirani ukichanua siku moja na wako, umeshachanganyika, hata kama uzio unawatenganisha. Anayetaka kutunza mbegu ya uwele ikae safi lazima awe mbali na mashamba mengine mita mia kadhaa, au kijiji kikubaliane kupanda aina moja upande mmoja. Alizeti ndiyo kabisa, nyuki hawana mipaka. Na chotara, iwe ya alizeti au mahindi, nunua kila mwaka. Ukipanda punje za chotara mwaka wa pili, unapata mimea isiyofanana, mirefu na mifupi, na mavuno yanashuka. Mtu akifanya hivyo kisha akasema mbegu bora ni uongo, mbegu imeonewa.

Nirudi kwenye kuchagua, maana hapo mama zangu ndio wataalamu. Usichague mbegu ghalani baada ya kupura. Chagua shambani, mtama ukiwa umesimama. Ingia katikati ya shamba, achana na kingo, tafuta suke lililojaa, kwenye mmea wenye urefu sawa na wenzake, usio na ugonjwa, funga kitambaa. Siku ya kuvuna yale yenye vitambaa yanakatwa kwanza, yanaanikwa kivyake, yanapurwa kivyake.

Na angalieni fugwe. Mnalijua lile suke ambalo ukiliangalia kwa mbali linaonekana limezaa, ukilifinya kwa vidole punje inapasuka inatoka poda nyeusi? Hiyo ni fugwe. Poda ile wakati wa kupura inatawanyika, inashika juu ya punje nzima nzima zisizo na ugonjwa, na punje hizo tukizipanda ugonjwa unapanda nazo. Suke moja la fugwe likipurwa pamoja na mengine limeshachafua mbegu ya eka nzima. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au ya kijani, imekingwa na jambo hilo. Ndiyo maana pia haifai kuliwa hata kama imebaki, wala kupewa kuku. Nasema hivi kwa uzito. Mbegu yenye dawa isikae jikoni kamwe.

Kuhusu mahindi nitasema kwa ufupi, najua hamtanipenda. Mwaka 2016 watu walikufa katika mkoa wetu na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula chao. Ukungu unaotoa sumu hiyo hupenda mahindi yaliyobanwa na ukame yakiwa bado shambani, kisha yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi kwenye milimita 500 yanabanwa karibu kila mwaka. Anayelazimika kuyalima atafute ya muda mfupi, kama Situka, ayaanike juu ya turubai na si juu ya udongo. Lakini chakula cha nyumba kiegemee mtama na uwele.

Sasa malalamiko yenu. Nimeyasikia mwaka hadi mwaka na mengi ni ya kweli.

Ndege. Mtama mweupe mfupi unaokomaa mapema unakomaa peke yake, kweleakwelea wanautangulia kabla ya mashamba mengine. Ni kweli tupu. Mkulima mmoja mwenye nusu eka ya Macia katikati ya mitama ya muda mrefu anawalisha ndege wa kijiji kizima. Dawa yake ni kupanda kwa wingi na kwa pamoja, kaya kumi au ishirini zilizopakana, wiki moja, ili ndege wagawane na ulinzi tugawane. Serikali hupuliza dawa makundi ya kweleakwelea yakiwa makubwa, lakini taarifa lazima itoke kwetu mapema, wakiwa bado kwenye mazalio. Mtu akiona mazalio, aniambie siku hiyo hiyo.

Dumuzi. Ni kweli, baadhi ya mtama mweupe una punje laini na wadudu wanaupenda kuliko ule wetu mgumu. Mtama wa kula muda mrefu ukaushe vizuri, uweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa. Mtama wa kuuza uza mapema. Viwanda vya bia vinataka mweupe, na wanunuzi wa chakula nao hivyo hivyo. Ila msiuze kila mmoja kwa debe lake barabarani. Ghala hili la ushirika tulilokalia leo lilijengwa kwa ajili hiyo.

Ladha. Kuna mama aliniambia ugali wa mtama fulani mpya haushikani na mlenda. Niliandika hilo na nikalipeleka kwa watafiti, kwa sababu mbegu isiyolika nyumbani haitapandwa mara ya pili hata izae vipi. Mkipika mkaona tofauti, nzuri au mbaya, nileteeni habari. Hiyo ni sehemu ya utafiti, na hakuna anayeweza kuifanya isipokuwa ninyi.

Mabua. Mfugaji anapenda mtama mrefu, na ana sababu. Sijasema tuung'oe. Kule mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji hadi Mei, mtama wa asili una nafasi yake na naomba uendelee kupandwa. Mbegu za asili ndizo watafiti wanazokwenda kuzitafuta wanapotaka uvumilivu wa ukame au wa wadudu. Tukizipoteza hakuna duka linaloziuza. Mwenye mbegu ya bibi yake aitunze. Lakini kule juu kwenye kichanga chekundu, ambako maji yanaondoka wiki moja baada ya mvua, kupanda mtama wa miezi mitano ni kuiweka familia mikononi mwa bahati.

Na bei. Eka moja ya mtama inahitaji kilo 3 hadi 4 za mbegu ikipandwa kwa mstari, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Ukimwaga kwa mkono unatumia zaidi, kisha unalipa vibarua kupunguzia. Piga hesabu ya palizi mbili za eka moja, uiweke kando ya bei ya kilo 4 za mbegu, utaona mbegu ndiyo gharama ndogo kuliko zote shambani, nayo ndiyo tunayoibania.

Sitawadanganya kwamba mbegu itafanya kazi peke yake. Wengi wetu tunavuna gunia 3 au 4 za mtama kwa eka. Kwenye mashamba ya majaribio Macia hufika tani 3 au zaidi kwa hekta, yaani gunia kama 12 kwa eka. Hayo ni mashamba yaliyopaliwa kwa wakati, yenye mbolea, na maji yamezuiliwa yasikimbie. Mwaka wa kwanza usitegemee 12. Pale Chololo, jirani zetu hapa Dodoma, kuanzia 2011 walioanisha mbegu za muda mfupi na jembe la kukokotwa na ng'ombe linalopasua ardhi ngumu, pamoja na makinga maji na samadi. Mbegu peke yake kwenye ardhi iliyokwanguliwa juu juu inapata maji ya juu juu. Wenye ng'ombe mna samadi imejaa zizini. Itoeni mwezi huu, kabla mvua haijaigeuza tope.

Ninachoomba kwenu ni kitu kidogo. Msiniamini. Kila kaya ichague robo eka moja, shamba la kawaida, si lile zuri kuliko yote wala lile bovu. Nusu ya robo hiyo ipandwe mbegu yako ya siku zote, nusu mbegu mpya. Siku moja, nafasi moja, samadi ile ile, palizi siku ile ile. Weka kijiti mpakani. Andika, au mwambie mtoto wa shule aandike, tarehe ya kupanda, tarehe ya kuota, tarehe suke la kwanza lilipotokeza, na siku mvua zilizonyesha. Mwisho pima kwa debe moja, upande huu na upande ule. Kama yako imeshinda, njoo uniambie mbele ya watu na nitakushukuru, kwa sababu utakuwa umetuokolea jirani zako. Kama mpya imeshinda, mwakani utaongeza mwenyewe bila kuhubiriwa.

Kuhusu kununua. Nunua kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana, chukua risiti, angalia mfuko uwe na lebo ya TOSCI, angalia tarehe ya upimaji, na mfuko ukiwa umefunguliwa usiupokee hata ukipunguziwa bei. Mfuko na risiti vitunze hadi uvune. Msimu mmoja nyuma, wakulima wa kijiji kimoja jirani walinunua mbegu gulioni kutoka kwenye gari, zikaota robo, na hawakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha zilitoka wapi. Walipanda mara ya pili Januari, msimu ukawa umeshawaponyoka. Jambo lile liliniumiza, maana walikuwa watu waliokuwa wamekubali ushauri.

Ipo pia njia ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Hizo huzalishwa na wakulima wenyewe waliofundishwa na kusajiliwa, mashamba yao yanakaguliwa, na huuzwa karibu na zinakozalishwa kwa bei nafuu. Kwa mtama, karanga na mikunde, ambazo makampuni makubwa hayazihangaikii sana kwa sababu mkulima harudi dukani kila mwaka, naona hii ndiyo njia yetu. Nataka kata hii iwe na kikundi kimoja cha kuanzia, na napendekeza kiwe cha akina mama, kwa kuwa wao ndio wamekuwa wakitunza mbegu za nyumba hizi miaka yote. Kazi ya kufuatilia usajili nitaifanya mimi na Mtendaji.

Kabla ya kupanda chochote, hata mbegu yako ya ghalani, ijaribu. Hesabu punje 100, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, zikunje, zilowanishe kila siku, baada ya wiki hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, panda. Zikiwa 60, ongeza mbegu kwenye shimo. Zikiwa chini ya hapo, usipande; kama ni ya ghalani isiyo na dawa, hiyo ni ya ugali.

Jumatatu asubuhi nitakuwa hapa ghalani na vitambaa na ndoo ya maji. Kila kaya ilete konzi mbili za mbegu inayokusudia kupanda, jina la mwenye mbegu likiwa limeandikwa. Jumatatu inayofuata tutahesabu pamoja, na hapo ndipo tutaorodhesha nani anahitaji mbegu gani na kilo ngapi, ili tuagize kwa pamoja na zifike kabla ya mvua.

Sasa maswali. Naomba tuanze na mama zangu wa upande ule, kisha wazee.